Kichwa cha Kuku na Mikono Mitatu

Jumatano, 23 Januari 1991

Viti vipya vimeletwa ofisini. Vya magurudumu, kitambaa cha buluu. Nimevihesabu mara mbili. Sita.

Sisi tuko saba.

Nikamuuliza Dada Shih, karani wetu, kama kuna kiti kimesahaulika kwenye lori. Akasema vimetimia. Vimetimia! Akaendelea kupiga chapa huku ananitazama juu ya miwani, kama fundi anayemkadiria mteja.

Baadaye Bosi Tu akaniita kwake, akafunga mlango. Huwa haufungi, kwa sababu ule mlango ukifungwa haufunguki bila teke. Akasema kampuni yetu ya Hung-ying imetimiza miaka mitatu, na kwenye karamu ya kufunga mwaka wa Kichina kila mgeni atapewa kijitabu cha historia yake: tulivyoanza, tulivyotengeneza programu ya kusafisha picha kwa kompyuta wakati wenzetu bado wanasafisha kwa brashi na mate. Kijitabu hicho nikitengeneze mimi.

Mimi, niliyeikimbia shule ya ufundi mwaka wa pili. Kwa nini si Yen, mwenye digrii ukutani? Nimelifikiria swali hilo njia nzima juu ya pikipiki, mvua ikiniingia shingoni. Jibu ni moja tu. Yen ana kazi mwaka ujao. Asiye na kazi mwaka ujao ndiye anayepewa vijitabu.

Karamu ni Alhamisi ijayo, na hapa Taipei hata mtoto anajua mambo ya karamu hiyo. Kuku mzima analetwa mezani na kichwa chake. Kichwa kikimwelekea mfanyakazi, huyo asirudi baada ya sikukuu ya mwaka mpya. Bosi hafungui mdomo. Kuku kashamaliza.

Na Bosi Tu ni mtu wa aibu. Ni wa kumtumia kuku kabisa.

Alhamisi, 24 Januari

Kuandika historia ni kuzunguka na daftari ukisikiliza waongo.

Bosi Tu anasema kampuni ilianza kwa chunusi. Alikuwa na studio ndogo ya picha za vitambulisho. Siku moja ya mvua akaingia mwanafunzi wa chuo kikuu, Yen Po-heng, ana chunusi puani kama punje ya njegere. Bosi akaisafisha kwenye picha kwa brashi, saa nzima. Yen akasema kompyuta ingeifuta kwa dakika moja. Bosi akamwambia basi ifute. Yen akatumia miezi minane.

Yen mwenyewe anasema hakukuwa na chunusi. Kampuni ilianza alipoandika mstari wa kwanza wa programu, hayo mengine ni ya kunogeshea chai. Nikamwomba niitazame pua yake kwa karibu. Kovu lipo. Nimeandika.

Dada Shih anasema wote wawili wana wazimu. Kampuni ilianza siku aliyonunua waya mnene wa umeme. Walikuwa wamepanga chumba juu ya duka la supu ya madonge ya samaki, na kila friji la chini lilipoamka, kompyuta ya juu ililala. "Picha ya kwanza ya kampuni hii ilipotea mara kumi na moja," akaniambia, "na mara zote kumi na moja nilikuwa nimeshawaambia hao wasomi wako waihifadhi."

Hakuna hata mmoja aliyenitaja mimi.

Niko hapa mwaka na miezi miwili. Kazi yangu ni kuijaribu programu mpaka iharibike, na kisiwa kizima hakina mtu mwenye kipaji cha kuharibu kama mimi. Nimeshapata makosa mia tatu na kumi na mawili, yote yamo kwenye daftari langu la kijani. Ni mimi niliyegundua kwamba ukifuta sikio la kushoto mara tatu, linaota la kulia. Kabla ya hapo nilikuwa kwa mjomba, nikisafisha kwa brashi nyuso za marehemu kwenye picha za mazishi. Hakuna marehemu aliyewahi kulalamika.

Historia isiyo na mimi haijakamilika. Nitaona la kufanya.

Ijumaa, 25 Januari

Ushahidi umepatikana.

Asubuhi Yen alichapisha karatasi, akaichana upesi na kuitia kwenye droo nilipopita. Nikapita tena. Akailalia droo kwa kiwiko. Nikapita mara ya tatu, safari hii na ufagio. Akaniuliza kama nina minyoo.

Alipokwenda kula nikachungulia kapu la taka. Nakala iliyotoka vibaya, nusu haina wino. Lakini jina linasomeka: Liao A-kui. Ndiye mimi. Na chini yake: kuondoka, 4 Machi.

Kuondoka. Hata tarehe imeshapangwa.

Nilikula boksi langu la wali na paja la kuku bila hamu. Lilikuwa paja tu, lakini niliona kama linajua kitu.

Kisha Dada Shih akaja kuniomba kitambulisho na picha mbili ndogo. Za nini? Za karatasi. Karatasi gani? Karatasi za kawaida. Halafu akanishika bega, akanipima kwa shubiri mpaka kwenye kifundo cha mkono, akasema nimekonda. Dada Shih hajawahi kunishika bega. Anayepimwa mabega ghafla, ama anachongewa jeneza ama anaagwa.

Viti sita, watu saba. Sawa. Mmoja ataondoka. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima kuku awe na akili zake mwenyewe.

Jumamosi, 26 Januari

Kazi nusu siku. Nikitoka, moja kwa moja kwenye mgahawa wa mtaa wa nyuma. Karamu yetu ni hapo, tena mchana, maana jioni ukumbi umechukuliwa na kampuni kubwa ya vikokotoo.

Mpishi mkuu anaitwa Kaka Fan. Miaka arobaini na mitatu, hajaoa, kipara kinachong'aa mpaka kwenye masikio. Nikamkuta anakata vitunguu. Nikamwambia nina shida inayohusu kuku. Akasema yeye ana shida inayohusu mshenga. Mshenga anataka picha yake ampelekee mwanamke mmoja wa Keelung, na kila picha anayopiga ina kipara ndani yake.

Tukatazamana. Wenye akili wakikutana, maneno huwa machache.

Mimi nitampa nywele. Yeye atamwelekeza kuku. Akauliza amwelekeze kwa nani. Nikasema kwa kijana mwenye sweta nyekundu. Yen anayo hiyo moja tu, nyekundu kama mlango wa hekalu, alifumiwa na mama yake, na tangu Novemba hajaivua. Nikamsisitizia Kaka Fan: nyekundu, itakuwa moja tu mezani. Akaudhika kidogo. "Dogo, mimi natazama damu ya kuku kila siku ya Mungu. Nyekundu unifundishe wewe?"

Halafu akaanza kuchagua. Anataka nywele zenye mawimbi, zimegawanywa kushoto, kama za muuza magari. Nikamwambia atapata zilizopo.

Jumatatu, 28 Januari

Siku ya kazi nzito. Kazi mbili kwenye kompyuta moja, na zote mbili si za kuonwa.

Kwanza nywele. Nimezikopa kwenye picha ya Yen, ambayo tunaitumia kila siku kwa majaribio. Nimezikata, nimezipachika kwa Kaka Fan, nimezilaza pembeni. Kompyuta ilifikiri dakika arobaini. Ikaganda. Nikaanza upya. Ilipomaliza, Kaka Fan alikuwa mtu ambaye hata mimi ningenunua gari kwake.

Pili, historia. Picha ya siku ya ufunguzi, 1988. Mvua. Bosi Tu katikati, Dada Shih kushoto ameshika mkufu wa fataki, Yen kulia amemfunika Bosi kwa mwavuli. Nilitaka kujiongeza tu. Nafasi haikuwepo. Basi nikamsogeza Yen kidogo. Bado nafasi haikutosha. Nikamsogeza tena, akatoka.

Si chuki. Mwenye kuondoka ni Yen, na ukurasa lazima usomeke sawa baada ya sikukuu.

Mahali pake nikajiweka mimi, kutoka kwenye picha niliyopiga siku niliyotoka jeshini. Nimesimama imara, mikono imenyooka pembeni. Tatizo likawa mwavuli. Nikifuta mkono wa Yen, mwavuli unaelea. Nikifuta mwavuli, Bosi analowa. Nikauacha mkono. Ukisimama mbali na picha inapendeza sana.

Yen alikuja kusimama nyuma yangu, akauliza nafanya nini. Nikazima kioo, nikasema historia. Nilitumia nafasi hiyo kuitazama sweta yake vizuri, nihakikishe ni nyekundu kweli na si ya machungwa. Nimeitazama asubuhi, nimeitazama mchana, nimeifuata mpaka kwenye birika la chai. Dada Shih aliniona naitazama. Akatabasamu peke yake. Huyo mwanamke ana jambo.

Diski nimeipeleka kwa wachapaji mwenyewe. Nakala sitini, sanduku lifungwe, lisifunguliwe kabla ya karamu. Nikawaambia ni siri ya Bosi.

Jumatano, 30 Januari

Habari njema kutoka jikoni. Mwanamke wa Keelung aliona picha, akapanda treni siku hiyohiyo. Wamekunywa chai saa mbili nzima. Kaka Fan hakuvua kofia yake ya upishi. Anasema kwa nywele zile yuko tayari kumwelekezea kuku hata meya wa jiji.

Habari mbaya kutoka ofisini. Wamekuwa wema kwangu. Yen amenipa nusu ya chungwa lake. Nililila kwa tahadhari. Lilikuwa tamu. Nikahisi kitu kama huruma, kikapita.

Kisha Bosi Tu akaniuliza, bila utangulizi, kama tumbo langu linavumilia samaki mbichi. Nikasema linavumilia. Akaandika mahali. Kwa hiyo baada ya kunifukuza ananitafutia kazi kwenye meli ya uvuvi. Hawa watu wamefikiria kila kitu.

Alhamisi, 31 Januari

Nianze na suti.

Yen alikuja na suti. Ya kijivu, ya kuazima, mikono inaishia juu ya saa. Nikamuuliza sweta iko wapi. Akasema mama yake amemkataza, karamu ni karamu. Nikamwambia atashikwa na baridi. Akasema hasikii baridi. Nikamwambia mapafu hayana spea. Akanirudishia suala la minyoo, mbele za watu.

Nikajituliza. Pasipo na sweta nyekundu, kuku hana wa kumtazama. Kaka Fan atamwelekeza ukutani, na mwaka huu tutajua mengine.

Tulikaa saba kwenye meza ya mviringo: Bosi Tu, Yen, Dada Shih, vijana wawili wa mauzo, binti anayefungasha diski, na mimi. Wateja na wachapaji meza nyingine. Kabla ya chakula, Dada Shih akasimama, akatoa kifurushi chini ya kiti. Akasema ni changu. Akasema alianza kufuma Ijumaa kwa sufi ya kijivu, lakini Jumatatu aliniona ninavyoitazama sweta ya Yen, jicho halibanduki, mpaka akanihurumia. "Nikafumua yote, nikaanza upya. Haya, mdogo wangu. Usitamani tena ya mwenzio."

Akaikunjua. Nyekundu.

Nikasema nina joto. Bosi akasema vaa. Nikasema nitaichafua na mchuzi. Bosi akasema A-kui, vaa. Nimevaa. Imenikaa kama nimezaliwa nayo, na hilo ndilo linaloniuma.

Mlango wa jikoni ukafunguka.

Kaka Fan akatoka na kuku kwenye sahani, kofia imekaa sawa. Akazungusha macho kwenye meza yetu, akaona nyekundu moja. Akaniona mimi ndani yake. Akasita. Nikamkonyeza. Nikatikisa kichwa. Nikapiga chafya ya uongo. Akaelewa kwamba namharakisha. Akamweka kuku juu ya ule ubao wa katikati unaozunguka, akausogeza taratibu, kwa uaminifu, mpaka mdomo wa kuku ukanilenga kifuani.

Vijiti vyote vikasimama hewani.

Nikausukuma ubao. Kuku akamtazama Dada Shih. Dada Shih akausukuma. Kuku akawafikia vijana wa mauzo, nao wakausukuma wote wawili kwa pamoja, na kuku akazunguka meza mara tatu kama jenerali anayekagua gwaride. Binti wa diski alifunika uso kwa leso. Ubao ukapunguza mwendo. Ukasimama.

Kwangu.

Bosi Tu akamwita Kaka Fan. Akamkumbusha, kwa upole, kwamba kila mwaka kichwa huelekezwa kwake yeye mwenyewe, bosi, ili watu wale kwa amani (mwaka jana mimi nilitazama mapaja tu), na mwaka huu pia alimwomba hivyo. Imekuwaje? Kaka Fan hawezi kudanganya, ndiyo hasara ya watu wa jikoni. "Bosi, wewe uliniomba kweli," akasema. "Lakini huyu dogo alinipa nywele." Akavua kofia ili aeleweke.

Meza zote zikacheka. Mimi nilikuwa nahesabu makopo ya chai kwenye rafu.

Bosi Tu hakucheka. Akaeleza mambo moja baada ya jingine, kama mtu anayetoa miiba ya samaki. Hakuna anayefukuzwa, na hakuwahi kuwaza kumfukuza mtu. Viti ni sita kwa sababu yeye hataki magurudumu, anataka kiti chake cha mianzi alichoachiwa na marehemu baba yake. Tarehe 4 Machi ni safari ya maonyesho ya Tokyo. Aliyetakiwa kwenda naye kuionyesha programu ni mimi, kwa sababu Yen akisimama mbele ya watu husahau jina lake, na mimi nina mdomo na daftari la kijani. Kitambulisho kilikuwa cha pasipoti. Samaki mbichi ni chakula cha Wajapani. Sweta ilikuwa ya baridi ya huko. Walitaka kunishtukiza baada ya supu.

Nilitamani kuingia ndani ya sweta yote, na kichwa. Ndipo nikakumbuka sanduku.

Lilikuwa limeshafunguliwa. Vijitabu viko mikononi mwa wageni wote. Mzee mmoja mwenye kiwanda cha kadi za harusi akasimama kuisifu picha ya ufunguzi. Safi sana, akasema, hata mshono hauonekani. Ila anauliza tu, kwa ruhusa ya Bosi, kwa nini huyu kijana wa kulia ana mikono mitatu.

Ukumbi mzima ukahesabu. Niliwasikia. Mmoja, miwili, mitatu.

Yen aliitazama picha muda mrefu. Ningependa angetukana. Aliweka kijitabu mezani, akakinyoosha ukurasa kwa kiganja, akasema, "Mwavuli ulikuwa wangu."

Basi.

Bosi Tu akatafuna kwanza, akameza, akafuta midomo. Akasema hanifukuzi. Lakini kuku amesema mbele ya wageni, na kuku naye ana heshima yake. Tokyo atakwenda Yen. Mimi nitamrudisha Yen kwenye picha, nakala kwa nakala, kwa brashi, kama kwa mjomba. Kompyuta nisiiguse mpaka nimalize. Vijitabu vikakusanywa kama karatasi za mtihani. Vimerudi hamsini na tisa. Mzee wa kadi za harusi amekataa kurudisha chake.

Jumamosi, 2 Februari

Nimeshachora Yen kumi na wanane. Mkono wangu wa kwa mjomba bado upo. Brashi nyembamba, wino wa kijivu, mate kidogo, na Yen anarudi chini ya mwavuli wake kana kwamba hakwenda popote. Mchana alikuja kunitazama. Akavuta kiti chake cha magurudumu, akanipa chungwa, zima safari hii. Akaniuliza kama ninaweza kumfundisha kusimama mbele ya Wajapani asitetemeke. Nikasema nitafikiria. Akasimama kwenda, akarudi, akaniomba nisichore chunusi. Nikasema nilidhani haikuwepo.

Kaka Fan kaleta supu. Mwanamke wa Keelung kasikia habari yote, kacheka, kasema kofia ilishamwambia tangu chai ya kwanza. Anataka na yeye apunguzwe kidevu kwenye picha. Nimemwambia nimefungiwa kompyuta.

Sasa jambo la maana. Leo asubuhi nimekuta kiti changu cha buluu hakipo. Amekichukua Bosi Tu. Mahali pake kuna kile cha mianzi. Dada Shih anasema ni adhabu, maana kinafinya makalio, na Bosi mwenyewe ameanza kuumwa mgongo. Wamwambie asiyejua kufikiri. Kiti cha marehemu baba! Nani anampa mtu wa kawaida kiti cha baba yake? Hicho si adhabu, ni urithi. Bosi Tu hana mtoto wa kiume, na ni mtu wa aibu. Hawezi kusema kwa mdomo kwamba kampuni itakuwa yangu. Alimtumia kuku, sasa anatumia kiti.

Na mrithi hawezi kukosekana kwenye picha ya ufunguzi. Watu watauliza. Nyuma ya Dada Shih kuna dirisha, kubwa, halina mtu. Kuanzia nakala ya kumi na tisa, nimo dirishani. Uso tu.

Mikono sikuweka. Kosa moja silirudii mara mbili.